PSA ikipanda, ulizeni kwanza habari ya sindano

Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini nimeoa Nyamira. Kusoma vyeti vya maabara nimefunzwa na maradhi ya baba mkwe wangu, anayekaa karibu na Keroka, pale Kisii inapopakana na Nyamira.

Mzee ana saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika mifupani. Alianzishiwa sindano ya kila miezi 3 ya kuzima testosteroni, homoni ya kiume inayolisha saratani hii. Jambo hilo lajulikana tangu 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges walipoonyesha kule Chicago kwamba mgonjwa akiondolewa korodani, ugonjwa hurudi nyuma. Upasuaji huo bado upo na hufanywa mara moja tu. Mzee aliukataa, na ni haki yake.

PSA ni protini itokayo kwenye tezi dume na kupimwa katika damu. Ya mzee ilianza na 186. Baada ya miezi 3 ikawa 9, na mwezi wa 7 ikafika 0.6. Tulifurahi, na kwa haki: utafiti wa Marekani uliotolewa 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao PSA yao ilibaki juu ya 4 baada ya miezi 7 ya matibabu walikufa mapema kuliko wale iliyowashuka.

Kumbe furaha ndiyo iliyotuponza. Maumivu ya mgongo yaliisha, mzee akarudi kuchuma majani chai, akaona nauli na bei ya sindano ni hasara. Akaruka sindano mbili bila kumwambia mtu. Kipimo kilichofuata kilisoma 4.8.

Shemeji alinipigia usiku: "Shemeji, dawa imekataa. Tuuze ng'ombe?"

Daktari hakubadilisha dawa. Aliagiza testosteroni ipimwe. Kama iko chini kabisa na PSA bado yapanda, basi saratani imezoea kuishi bila homoni hiyo na dawa nyingine zatakiwa. Ya mzee ilikuwa imerudi juu. Dawa haikushindwa, haikuwemo mwilini. Alichomwa tena, na baada ya miezi 3 PSA ilisoma 0.9.

Pimeni maabara ile ile, maana mashine hutofautiana. Maambukizi ya mkojo au mpira wa mkojo vyaweza kuipandisha PSA, kwa hivyo namba moja isiwatie kiwewe; daktari huirudia baada ya wiki kadhaa. Lakini miguu ikilegea ghafla au mkojo ukifunga, msingojee kipimo chochote, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuna daftari: upande mmoja tarehe ya sindano, wa pili PSA. Linakaa kwa mama mkwe. Mzee haaminiki tena.