Wamishonari walipoondolewa, familia za Rungwe zililibeba kanisa

Ukitembea vijiji vya Tukuyu, Lupepo na majirani zake, kati ya migomba na mashamba ya chai, ni rahisi kudhani kwamba Kanisa la Moravian limekuwapo hapa tangu enzi na enzi. Kumbe mwanzo wake ulikuwa msiba.

Mwaka 1891 wamishonari wanne kutoka Ujerumani, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Martin alikufa kwa homa. Wenzake walipanda kwenye baridi, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960, wakitafuta mahali penye afya zaidi. Hawakujua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Ronald Ross alikuja kulithibitisha hilo mwaka 1897. Mwaka huohuo ndipo Rungwe ilipopata ubatizo wake wa kwanza, baada ya miaka sita ya kusubiri.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1916. Majeshi ya Waingereza yaliiteka Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu-Langenburg, na wamishonari wa Kijerumani wakaondolewa. Walirudi katikati ya miaka ya 1920, na vita ya pili ikawaondoa tena. Wamishonari wa Kiskoti kutoka Livingstonia walisaidia, lakini walikuwa wachache. Kazi ya kila siku iliangukia mikononi mwa walimu wa vijijini, wazee wa kanisa na wazazi waliosali na watoto wao nyumbani.

Leo makao makuu ya Jimbo la Kusini bado yapo Rungwe. Kanisa lina maaskofu, lakini askofu ni mlezi wa kiroho. Utawala uko kwa mwenyekiti na halmashauri.

Kwa familia, somo ni hili: jumuiya hudumu pale watu wanapojuliana hali. Salamu ya Kinyakyusa, "ugonile", humuuliza mtu kama amelala salama. Ni swali la afya. Lakini vijana wengi sasa wako Mbeya na Dar es Salaam, na bibi mwenye shinikizo la damu hubaki peke yake. Fedha za simu hununua dawa, ila hazimkumbushi kuimeza.

Kama una mzazi kijijini, waombe wazee wa kanisa au majirani wamtembelee kwa zamu. Wape namba yako ya simu. Hakikisha wanajua siku yake ya kliniki na dawa anazotumia, na kwamba maombi hayachukui nafasi ya dawa hizo. Kanisa lililobebwa na familia lina deni la kuzibeba familia.