Muziki wa Sauti Tano Uliofika Kakuma

Ukitoka Nawoitorong, karibu na mji wa Lodwar, ukasafiri kilomita 120 hivi hadi Kakuma, usishangae kukaribishwa injera na kahawa katika mkahawa wa Waethiopia. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na Waethiopia walikuwa miongoni mwa waliotangulia kufika. Hawakuja na mapishi peke yake. Walikuja na muziki wao.

Mgeni akiusikia mara ya kwanza hudhani ala hazipatani. La hasha! Nyimbo nyingi zimejengwa juu ya ngazi za sauti tano. Mojawapo huitwa tizita, neno la Kiamhari lenye maana ya kumbukumbu.

Mulatu Astatke, aliyezaliwa Jimma mwaka 1943, alisomea muziki Uingereza na Marekani, kisha akaunganisha ngazi hizo na jazi. Kumbi za dansi za Addis Ababa zilinoga, hadi wanajeshi walipotwaa madaraka mwaka 1974 na kupiga marufuku watu kutoka nje usiku.

Msomaji, ukitaka kuanza, tafuta mfululizo wa Éthiopiques, ulioanza kutolewa Ufaransa mwaka 1997. Toleo la 4 ni la Mulatu. Kwanza fuata besi, kisha saksafoni.

Halafu muulize Mwethiopia aliye jirani yako maana ya tizita. Huenda akakusimulia habari za nyumba aliyoiacha.