Kabla ya kuuza mazao yaliyo shambani

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi mikorosho huhitaji kupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga katika miezi ambayo mkulima hana kitu mfukoni. Ada za watoto hazingoji, wala maradhi hayangoji. Hapo ndipo anapobisha hodi mtu mwenye fedha taslimu, akatoa kiasi kidogo kwa ahadi ya korosho nyingi zitakazopimwa kwa chombo chake mwenyewe. Wenyeji huiita biashara hiyo kangomba. Mkoani Kagera iko nduguye, butura, ambapo kahawa huuzwa ingali maua au mbichi mtini.

Serikali imezipiga marufuku biashara hizi mara kadhaa. Mwaka 2018, iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wauzaji walihakikiwa mashamba yao ili wafichuliwe wanunuzi wa kangomba. Hata hivyo, marufuku haimlipii mtu ada ya mwanawe. Kwa maoni yetu, pengo kubwa zaidi ni kwamba mkulima amefundishwa kulima, lakini hakufundishwa kupiga hesabu ya anachokiuza.

Tuseme amepokea shilingi 100,000 kwa ahadi ya kutoa kilo 100. Ameuza kilo moja kwa shilingi 1,000. Kwa bei ile ya mwaka 2018, mzigo huo ungemletea shilingi 330,000. Na iwapo fedha alizopewa zilikuwa mkopo, ziada hiyo anayoichukua mkopeshaji ni kitu gani kama si riba?

Uislamu haukumwacha mkulima bila njia. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.), katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya mavuno, kwa mwaka mmoja hata miwili. Hakuivunja biashara hiyo. Aliagiza kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Haya ndiyo mauzo ya salam. Kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi, mnunuzi hulipa bei yote papo hapo wakati wa mapatano. Na mazao huelezwa kwa aina na ubora wake, bila kufungwa na mti au shamba fulani. Matunda ya mti maalumu hayauzwi mpaka dalili za kuiva zionekane, kwa kuwa Mwenyezi Mungu akiyazuia, mnunuzi atakuwa ametoa mali yake bure.

Hapa tahadhari inahitajika. Korosho nchini huuzwa kwa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi na minada, na mapatano ya pembeni humtia mkulima matatani hata kama masharti ya salam yametimia. Mwenye mpunga au mahindi, pale ambapo sheria haimzuii, ana nafasi zaidi. Naye asikubali neno "gunia" peke yake, kwani gunia la lumbesa humeza kilo nyingi zisizolipiwa. Ataje kilo.

Kisha aandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu, liwe dogo au kubwa, pamoja na kuweka mashahidi. Inamzingatia hata asiyeweza kutamka maelezo mwenyewe, ikamtaka msimamizi wake ayatamke kwa uadilifu. Basi mzee asiyejua kusoma asione haya. Kijana wake wa sekondari anaweza kushika daftari na kuandika gharama ya salfa, vibarua na usafiri, fedha zilizopokewa na tarehe yake, kilo zilizoahidiwa, na majina ya mashahidi wawili. Kabla ya kutia dole gumba, baba na mama wasomewe yote kwa sauti, mnunuzi akiwa amekaa hapo hapo barazani anasikia.