Pikipiki ya Mfanyakazi na Barabara ya Vumbi

Wengi wetu siku hizi tunafika kazini kwa pikipiki. Mmoja ameinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, mwingine anamlipa mwenye chombo kila wiki. Pikipiki ikifia njiani, mwajiri hapotezi kitu. Anayekatwa siku ni wewe, na deni halingoji. Kwa hiyo yafaa tuelezane namna ya kuitunza, kuiongezea nguvu mahali panapohitaji, na kuiendesha katika njia zetu hizi, tangu ufuko wa Majanji kwenye Ziwa Victoria, kupitia Busia, mpaka Tororo kwenye saruji.

Mpaka wa Busia una heshima yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walianza kuvusha watu na mizigo kati ya geti la Uganda na geti la Kenya, mwendo wa zaidi ya nusu maili, wakiwaita abiria kwa kusema "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka. Jina hilo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, na baiskeli imeiachia nafasi pikipiki. Huko Uganda waendeshaji wa boda boda wamekwisha kujiunga na chama cha wafanyakazi wa usafiri, ATGWU, kupitia vikundi vyao.

Ulaya na Japani hutengenezwa pikipiki maalumu za safari ndefu za nyikani. BMW ilitoa R 80 G/S mwaka 1980, na Honda ikatoa Africa Twin mwaka 1988. Jina ni la Afrika, bei siyo. Tena ile ya Honda ikijazwa petroli ilipita kilo 200. Ikilala topeni nawe uko peke yako, utangoja wapita njia. Kwetu pikipiki ya safari ni ile ndogo unayoweza kuinyanyua mwenyewe, na ambayo vipuri vyake vinauzwa Busia pande zote mbili. Iangalieni Yamaha AG 100, iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima: mnyororo wake umefungiwa wote ndani ya kifuniko. Walioibuni walijua kwamba adui wa kwanza ni vumbi.

Vumbi la barabara nyekundu, likiingia katika silinda, hufanya kazi ya msasa. Hula ringi na ukuta wa silinda, oili inapenya na kuungua, na ekzosi inatoa moshi wa buluu. Hapo gharama ni kubwa. Kinachozuia yote hayo ni chujio la hewa, kitu cha bei ndogo ambacho watu hukisahau kwa sababu kimejificha ubavuni. Wakati wa kiangazi lifungue kila wiki. Kama ni la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, likamue bila kulisokota, likauke kabisa, kisha lipake oili kidogo na kulikamua tena. Sponji kavu haikamati vumbi laini. Kama ni la karatasi, usilioshe. Ligonge taratibu, na likichoka linunue jipya. Wenzetu wa saruji wawe waangalifu zaidi, maana vumbi lao likipata unyevu huganda. Wako pia wanaotoa chujio kabisa ili pikipiki "ipumue". Hao wanauza injini yao kwa bei ya kutupa.

Oili nayo. Katika pikipiki hizi ndogo zenye injini ya mipigo minne, takriban lita 1 tu hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Ndiyo maana huchoka upesi kuliko ya gari. Kitabu cha kiwanda kinataja kilomita zake, lakini kwa anayebeba magunia kwenye vumbi kila siku, kuibadilisha kila kilomita 2,000 si anasa. Tumia oili ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kuteleza inayoifanya klachi isishike: injini inanguruma mlimani lakini gurudumu halipati nguvu, na wewe unalaumu klachi isiyo na kosa. Ukivuka maji mengi halafu ukaona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, imwage upesi. Na injini ikizimika ndani ya maji, usipige kiki. Isukume nje, fungua plagi, ndipo uikanyage polepole ili maji yatoke. Pistoni haiwezi kuyabana maji, na ukilazimisha, kitu kitapinda.

Mnyororo usikazwe kama waya wa gitaa. Pikipiki nyingi ndogo hutaka uchezaji wa milimita 25 hadi 35, yaani kama upana wa vidole viwili, lakini neno la mwisho ni la kitabu chako. Zungusha gurudumu na upime mahali mbalimbali, kwa kuwa mnyororo haulegei sawasawa. Usafishe kwa mafuta ya taa, injini ikiwa imezimwa. Vidole vimekwisha kukatika kwa haraka ya kuusafisha ukizunguka. Ukibadilisha mnyororo, badilisha na gia zake zote mbili, kwani meno yaliyoliwa huumaliza mnyororo mpya kwa muda mfupi.

Sasa nyongeza. Fundi wa kuchomelea akutengenezee chuma cha kulinda injini kwa chini, na vyuma vya ubavuni vya kuokoa miguu ikianguka. Fedha hiyo haipotei. Anayepanda na mzigo kila siku aweza kupunguza jino moja kwenye gia ya mbele: kutoka 14 kwenda 13 ni karibu sawa na kuongeza meno matatu kwenye gia ya nyuma yenye 42. Itavuta vizuri zaidi, ila mwendo wa juu utapungua na injini itazunguka zaidi kwenye lami. Kwa hiyo anayekwenda sana barabara ya lami ya Musita–Lumino–Busia/Majanji asiguse. Karia ndefu inayotokeza nyuma ya ekseli mimi siipendi. Gunia la dagaa likikaa huko, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani jepesi kwenye changarawe ni ajali inayosubiri kona. Mzigo ukae chini na karibu na dereva. Baada ya safari mbaya, gonga spoki moja moja kwa spana. Inayolia butu imelegea.

Katika uendeshaji, kwenye mashimo simama juu ya vikanyagio, magoti yakunjike, macho yatazame mbali na si kwenye tairi. Ukiteremka na mzigo, shuka gia mapema na injini ikusaidie kuzuia. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa. Kwenye changarawe iguse kwa upole. Kofia ngumu ivaliwe na ifungwe mkanda, ya dereva na ya abiria. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Mwisho kuna suala ambalo wengi hulijua wakiwa hospitali. Nchini Kenya, Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007 inahesabu safari ya kwenda kazini pale usafiri unapotolewa na mwajiri. Anayepanda pikipiki yake mwenyewe asidhani kwamba amelindwa. Kwa hiyo mjumbe wa chama kiwandani au shambani alete suala la usafiri wa zamu ya usiku kwenye mazungumzo ya mkataba. Na anayevuka mpaka kila siku aulize kwa wakala wa bima habari za Kadi ya Njano ya COMESA, kabla ya kuvuka, kwa sababu bima ya kawaida ya upande mmoja huishia getini.