Mwenye jani na mwenye kiwanda: Somo la filamu za mashujaa kwa mkulima wa Rungwe

KIJANA wa Kawetele akishamaliza kukata majani ya ng'ombe, jioni hushuka Tukuyu mjini na kulipa kiingilio kwenye kibanda umiza ili amwone Spider-Man akirukia maghorofa. Akitoka husimulia ngumi. Ni nadra kuuliza fedha za shujaa yule zinaishia mfukoni mwa nani.

Jibu lake linamgusa mkulima wa chai na parachichi kuliko anavyodhani.

Marvel, kampuni ya Marekani iliyomtoa Spider-Man mwaka 1962, ilifilisika mwaka 1996. Ilikuwa na maelfu ya mashujaa kwenye vitabu vya katuni, lakini haikuwa na fedha za kuwatengenezea filamu. Haki za X-Men zilikuwa zimekwenda Fox, na mwaka 1999 za Spider-Man zikachukuliwa na Sony. Filamu ya Spider-Man ya mwaka 2002 iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, na sehemu kubwa ya faida ikabaki kwa Sony. Anayeuza akiwa na shida hapangi bei.

Mwaka 2005 Marvel ilibadili mwendo. Ilipata mkopo wa hadi dola milioni 525 kupitia Merrill Lynch, ikiweka rehani haki za filamu za mashujaa wake 10. Mwaka 2008 ikatoa Iron Man, filamu yake yenyewe. Mwaka uliofuata Disney ikakubali kuinunua kwa dola bilioni 4 hivi, na mwaka 2019 Avengers: Endgame ikaingiza karibu dola bilioni 2.8.

Kiwanda bila mpango

Mpinzani wake, Warner, alikuwa na vyote: mashujaa wa DC, wakiwamo Superman na Batman, pamoja na studio. The Dark Knight ya mwaka 2008 ilifikisha dola bilioni 1. Lakini Warner ilipotaka kuifikia Marvel, ilifanya haraka. Justice League ya mwaka 2017 iliwakusanya mashujaa ambao baadhi yao hawakuwa wamepata filamu zao, na mwongozaji akabadilishwa kazi ikiwa haijakamilika. Mapato hayakulingana na gharama. Mwaka 2022 kazi ilikabidhiwa James Gunn na Peter Safran, na Superman ya mwaka 2025 ikaanza ukurasa mpya.

Sony nayo ilishikilia mkataba wake. Haki za aina hii zina muda. Mnunuzi asipotengeneza filamu, humrudia mwenyewe, kama Daredevil alivyotoka Fox na kurudi Marvel. Mwaka 2015 Sony na Marvel walikubaliana kumtumia Spider-Man kwa pamoja. Mwaka 2019 waliachana kwa wiki chache, kisha wakarudiana, kwa kuwa kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Rungwe inajifunza nini?

Wasanii wa filamu nchini waliowauzia wasambazaji kazi zao kwa malipo ya mkupuo wanaijua hadithi hii. Mkulima wa chai pia anaijua: jani bichi halilali, lazima lifike kiwandani mapema, hivyo mwenye kiwanda huwa na nguvu kubwa kwenye bei. Ndiyo maana ilikuwa hatua kubwa wakulima wadogo wa Rungwe, kupitia chama chao cha RSTGA, walipopata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea.

Kwa anayeletewa mkataba wa parachichi, maswali ni matatu. Mkataba unakwisha lini? Mnunuzi asipokuja kuchuma kwa wakati, mkulima yuko huru kuuza kwingine? Bei ya soko ikipanda, yeye anapata nini?

Marvel ilihitaji miaka mingi kupata majibu hayo. Mkulima anaweza kuyapata kabla ya kutia saini. Mali bila daftari huisha bila habari.