Sukari Itokayo Kwenye Mahindi: Tuijue Kabla ya Kuila

Chukua pakiti ya biskuti au peremende iliyomo nyumbani mwako, usome yale maandishi madogo yaliyo upande wa nyuma. Baada ya unga, sukari na mafuta, mara nyingi utakuta maneno kama "glucose syrup", "maltodextrin" au "modified starch". Wengi wetu huyaruka maneno hayo. Wengine huyaogopa, wakidhani ni kemikali za sumu. Na wapo wanaosikia neno glukosi wakaamini kwamba ni dawa ya kuongeza nguvu.

Vitu hivyo vyote vitatu vina chanzo kimoja, nacho ni wanga. Ni wanga uleule uliomo katika ugali, muhogo, viazi na wali tunaokula kila siku. Katika ukurasa huu tutaeleza jinsi wanga unavyogeuzwa kuwa sukari viwandani, faida yake, na mahali ambapo familia yapasa kuwa na tahadhari.

WANGA NI SUKARI ILIYOFUNGWA

Fikiria shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu sana. Kila ushanga ni chembe moja ya glukosi, yaani sukari ndogo ambayo mwili huitumia kama kuni za kuwashia moto. Uzi mzima wa shanga hizo ndio wanga. Kwa kuwa shanga zimefungamana, ulimi hauonji utamu. Uzi ukikatwakatwa, utamu unatokea.

Unaweza kujaribu wewe mwenyewe. Tafuna kipande cha mkate au ugali mkavu kwa muda mrefu bila kumeza. Baada ya dakika chache utaonja utamu kidogo, kwa sababu mate yana kimeng'enya kinachokata uzi wa wanga. Kazi hiyo huendelea tumboni hadi wanga wote ulioyeyuka uwe glukosi na kuingia katika damu. Hivyo basi, hata asiyetia sukari katika chai huingiza glukosi mwilini kila anapokula ugali.

TANGU TINDIKALI HADI VIMENG'ENYA

Binadamu alijifunza kuifanya kazi hiyo nje ya mwili zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mwaka 1811, wakati vita vya Napoleon vilipofanya sukari ya miwa iwe adimu Ulaya, mkemia Gottlieb Kirchhoff aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, alichemsha wanga pamoja na tindikali ya salfa. Alipata maji mazito na matamu, kama ile shira inayomwagiwa kaimati. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa katika kimea cha shayiri kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari bila kutumia tindikali. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi.

Siku hizi viwanda vikubwa hutumia zaidi vimeng'enya vinavyotolewa katika bakteria na kuvu. Mahindi hulowekwa katika maji ya moto kiasi kwa siku moja au mbili, kisha husagwa. Kiini hutolewa ili kukamuliwa mafuta, na makapi na protini hutengwa kuwa chakula cha mifugo. Unaobaki ni wanga mweupe. Wanga huo huchanganywa na maji na kupashwa moto pamoja na kimeng'enya cha kwanza, ambacho huukata vipande vipande. Kisha joto hupunguzwa hadi nyuzi 60 hivi, na kimeng'enya cha pili humalizia kuvikata vipande hivyo kuwa glukosi. Kazi ikisimamishwa katikati hupatikana unga usio na utamu mwingi uitwao maltodekstrini. Ikiendelezwa hadi mwisho hupatikana shira ya glukosi, au glukosi ya unga.

Lakini glukosi si tamu kama sukari ya miwa. Watafiti walitafuta njia ya kuigeuza sehemu yake iwe fruktosi, sukari tamu zaidi iliyomo katika matunda na asali. Mwaka 1957 Wamarekani Richard Marshall na Earl Kooi walionyesha kwamba kimeng'enya cha bakteria kinaweza kuifanya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba kimeng'enya chao kilihitaji arseniki, ambayo ni sumu. Katika miaka ya 1960 huko Japani, Yoshiyuki Takasaki na wenzake walipata kimeng'enya kingine kisichohitaji sumu hiyo na kinachostahimili joto. Mwaka 1967 kampuni ya Clinton ya jimbo la Iowa, Marekani, ilianza kuuza shira ya mahindi iliyotengenezwa kwa njia hiyo.

Bei ya sukari ilipopanda sana mwaka 1974, viwanda vya Marekani viliikimbilia shira hii. Mwaka 1984 Coca-Cola na Pepsi walitangaza kwamba soda zao nchini humo zingeweza kutiwa shira ya mahindi peke yake badala ya sukari ya miwa.

JE, NI MBAYA KULIKO SUKARI YA MIWA?

Swali hili limezua ubishi mwingi. Tuangalie hesabu. Sukari ya miwa, ikishameng'enywa, ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Shira ya mahindi inayotiwa katika soda za Marekani ina fruktosi asilimia 55 hivi katika sukari yake, na sehemu kubwa ya inayobaki ni glukosi. Tofauti ni ndogo. Kwa mwili wa binadamu, gramu 30 za sukari iliyomo katika shira na gramu 30 za sukari ya miwa ni karibu mzigo uleule. Kwa hiyo anayekwepa shira ya mahindi halafu akatia vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe cha chai hajajisaidia kitu.

Tatizo lililopo ni wingi na urahisi. Ugali huliwa pamoja na mboga na maharage, na humeng'enywa kwa muda. Sukari iliyoyeyushwa katika kinywaji hupita upesi bila kumshibisha mtu. Fruktosi nyingi hupelekwa kwenye ini, na ikizidi mahitaji hugeuzwa kuwa mafuta. Mtu akifanya hivyo kila siku kwa miaka, uzito huongezeka, meno huoza, na kisukari cha ukubwani hukaribia mlango.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote mtu anayoipata katika chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni gramu 50 hivi kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai. Tena lilisema kwamba kushuka hadi nusu ya kiasi hicho kunafaa zaidi. Sasa tupime: soda nyingi zina sukari kama gramu 10 katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 300 ina gramu 30, yaani zaidi ya vijiko saba.

WANGA ULIOBADILISHWA

Mama yeyote anajua kwamba uji ukikaa mpaka ukapoa sana hujitenga, maji huelea juu. Kiwanda kinachotengeneza sosi ya nyanya au mtindi hakitaki jambo hilo litokee dukani. Kwa hiyo nyuzi za wanga hufungwa pamoja kwa kemikali kidogo, kama fosfati, ili zisivunjike kwa joto au kwa ukali wa nyanya. Mwingine hupikwa kwanza na kukaushwa, ili uweze kukorogwa kwa maji na kuwa mzito papo hapo. Huo ndio wanga uliobadilishwa. Aina zinazotumika katika chakula zimechunguzwa na wataalamu wa FAO na WHO, na hutiwa kwa kiasi kidogo. Hatuna sababu ya kuuogopa. Ila tujue kwamba ni kinoleshi cha wanga tu, haujengi mwili kama maziwa au maharage.

Wenye kisukari wawe macho na maltodekstrini. Kwa kuwa haina utamu mwingi, inaweza kutiwa katika chakula kilichoandikwa kwamba hakikuongezwa sukari. Lakini tumboni huvunjwa upesi kuwa glukosi na kupandisha sukari ya damu.

MEMA YAKE, NA IMANI ZISIZO SAHIHI

Utafiti huu haukuleta soda na peremende tu. Glukosi iliyomo katika dripu za hospitali na katika pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, ORS, hutengenezwa kwa kukata wanga. Katika ORS, glukosi ina kazi maalumu: utumbo hupokea chumvi kwa wepesi zaidi ikiongozana na glukosi, na maji hufuata nyuma yao. Ndiyo maana pakiti ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi pamoja na chumvi zilizopimwa. Kipimo hicho kimeokoa watoto wengi sana.

Hapa kuna makosa mawili yanayofanyika majumbani. La kwanza, mtoto anaharisha, naye anapewa glukosi ya kopo iliyokorogwa katika maji. Glukosi peke yake bila chumvi haitoshi, na ikiwa nyingi huvuta maji kuingia utumboni na kuzidisha kuhara. Mpe ORS, na umpeleke kituo cha afya akizidi kulegea, akitapika kila kitu au akitoa damu.

La pili, watu wengi wanaodhoofika huomba watundikiwe dripu ya glukosi ili "wapate nguvu". Dripu ya kawaida ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi katika lita nzima. Hiyo ni nguvu chini ya ile ya sahani moja ya ugali. Dripu ni kwa ajili ya mgonjwa aliyeamuliwa na mganga. Haiongezi damu, wala haitibu malaria. Anayechoka kila siku apimwe ajulikane ana nini.

KIMEA: KIWANDA KILICHO NYUMBANI

Wazee wetu walikifahamu kimeng'enya kabla ya viwanda. Kimea cha ulezi kinachotiwa katika togwa hufanya kazi ileile: hukata wanga, na uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Mwaka 1983 Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Svanberg wa Sweden waliandika jinsi kimea hiki kinavyoweza kuwasaidia watoto wadogo. Sababu yake ni hii. Mtoto wa miezi minane hawezi kumeza uji mzito, hivyo mama huongeza maji. Tumbo lake dogo hujaa maji, naye hubaki na njaa. Kimea huulegeza uji mzito bila kuongeza maji, na mtoto hupata chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile.

Osha ulezi, uloweke usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu hadi uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, pukutisha machipukizi, kisha usage. Ulezi wenye ukungu utupwe. Pika uji mzito, uepue, uuache upoe kiasi, maana uji unaotokota huua kimeng'enya. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea katika bakuli, ukoroge. Baada ya dakika chache utalegea. Urudishe motoni utokote tena ili kuua vijidudu, halafu mpe mtoto ukiwa vuguvugu. Usisahau kuongeza karanga zilizosagwa, dagaa au maharage, kwa sababu uji mtupu ni wanga mtupu.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Soma maandishi ya pakiti. Vitu hupangwa kwa kawaida kuanzia kilicho kingi. Sukari au shira ikiwa ya kwanza au ya pili, hicho ni kitamutamu, si mlo.

2. Soda na maji matamu ya chupa yawe ya siku moja moja. Mtoto chini ya miaka miwili asipewe kabisa.

3. Glukosi ya kopo si chakula cha kila siku, wala si dawa ya homa au ya kuhara.

4. Mwenye kisukari anayetumia dawa awe na glukosi au sukari karibu. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe upesi ikiwa anaweza kumeza, kisha apelekwe kwa mganga.

5. Wanga tuule jinsi ulivyo: ugali wa dona, viazi, ndizi na muhogo ulioandaliwa vizuri, pamoja na mboga na jamii ya kunde.

Kwa kifupi, kiwanda kimejifunza kukata nyuzi za wanga kama tumbo linavyofanya. Wazazi, pakiti zitakazoingia jikoni mwenu mwezi huu zisomeni pamoja na watoto wenu wanaojua kusoma, mkihesabu vijiko vya sukari vilivyomo.