Marhamu ya soriasisi: Dawa ina mizani yake

 

Ndugu Waislamu, yako maswali ambayo masheikh huulizwa hadharani, na yako mengine ambayo muulizaji husubiri mpaka watu watawanyike. Hapo ndipo hukunja mkono wa kanzu yake, akaonesha kiwiko chenye baka nene linalobanduka magamba, akauliza: Je, udhu wangu unasihi nikiwa nimepaka dawa? Je, saumu yangu inabatilika? Je, nitamwambukiza mke wangu? Nyuma ya maswali hayo liko jingine lisiloulizwa, nalo ni zito zaidi: dawa hii aliyoandikiwa, anaipaka kwa kipimo gani na kwa muda gani? Leo, kwa uwezo wake Mola, tutayaeleza yote mawili, hukumu ya dini na matumizi yaliyo salama.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Maradhi haya huitwa soriasisi, na aina iliyo maarufu zaidi ndiyo hii ya mabaka. Asili yake ni kinga ya mwili kuchochea ngozi kujizalisha kwa kasi isiyo ya kawaida. Ngozi ya mtu mzima wa afya hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja. Penye soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku chache tu. Ngozi changa hurundikana juu ya nyingine, likatokea baka nene, hasa viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani. Kwa mwenye ngozi nyeusi, baka hilo aghalabu si jekundu. Huwa la rangi ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na magamba yake ni meupe. Kwa sababu hiyo wengi hudhani ni mapunye au ukurutu, wakajitibu kwa miezi mingi dawa isiyo yake.

Kwa karne nyingi wagonjwa hawa walichanganywa na wenye ukoma, wakatengwa na watu. Ni mwaka 1841 ndipo tabibu Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoyatenga bayana maradhi haya mawili. Mwezi Mei 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililoitambua soriasisi kuwa maradhi ya kudumu yasiyoambukiza. Basi izingatiwe: haiambukizi kwa kupeana mikono, wala kwa msala, wala kwa kula sahani moja, wala kwa ndoa.

Kutafuta tiba ni katika Sunna

Mtume (S.A.W.) aliwahimiza maswahaba wake wajitibu, na mafundisho yake yanatujulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, aijuaye akaijua na asiyeijua akakosa kuijua. Elimu ya tabibu leo haijafikia dawa ya kuiondoa soriasisi moja kwa moja, lakini imefikia dawa za kuituliza hata ngozi ikarudi laini kwa muda mrefu. Kwa hiyo anayekutangazia kuwa ataing'oa isirudi kamwe, mtilie shaka. Katika nchi mbalimbali zimewahi kunaswa dawa za kupaka zilizouzwa kwa jina la mitishamba, nazo zimetiwa kwa siri steroidi kali. Mgonjwa huona nafuu ya haraka, asijue anachopaka wala kipimo chake.

Dawa za steroidi ndizo zinazoandikwa zaidi. Hupunguza uvimbe, muwasho na ile kasi ya ngozi kujizalisha. Nguvu zake si sawa: haidrokotisoni ni dhaifu, betamethasoni kwa kawaida ni kali, na klobetasoli ni miongoni mwa zilizo kali kabisa. Iko pia kalsipotrioli, itokanayo na umbo la vitamini D, ambayo mara nyingi huchanganywa na betamethasoni. Daktari huweza kuchagua marhamu badala ya krimu kwa kuwa mafuta yake mazito hulainisha baka kavu na kuipenyeza dawa ndani zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo ya kupenya, marhamu inahitaji hadhari zaidi.

Mizani ya ncha ya kidole

Wapo wanaopaka kama wapakavyo mafuta ya kujilainisha baada ya kuoga, na wapo wanaogusisha tone kwa hofu. Wote wawili wamekosa. Matabibu wameweka kipimo chepesi: kamua dawa kutoka katika tyubu ya kawaida, mstari mmoja kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo chake cha kwanza. Hiyo ni takriban nusu gramu, nayo hutosha eneo linalolingana na viganja viwili pamoja na vidole vyake.

Tufanye hesabu. Mtu ambaye mabaka yake ya viwiko na magoti yakijumlishwa yanafika viganja vinne, atahitaji gramu moja kwa kila mpako. Akiandikiwa kupaka mara moja kwa siku, tyubu ya gramu 30 itamtosha mwezi mzima. Ikiwa inakwisha kwa wiki moja, ajue anazidisha. Ikiwa imefika mwezi wa tatu haijaisha, na mabaka yapo palepale, huenda hapaki kwa kadiri inayotakiwa.

Apake juu ya baka pekee, tabaka jembamba, kisha anawe mikono, isipokuwa kama mikono ndiyo inayotibiwa. Asifunge plastiki wala bandeji juu yake bila ya kuelekezwa, kwa maana kufunika huzidisha dawa kuingia mwilini. Mafuta ya kulainisha ngozi yasiyo na manukato ni msaada mkubwa, ila yasipakwe papo hapo pamoja na dawa. Ipite kama nusu saa baina yake. Na mwenye kutumia kalsipotrioli asiichanganye na marhamu ya asidi ya salisiliki, kwani asidi hiyo huiharibu.

Kila dawa ina muda

Steroidi kali ikipakwa kwa muda mrefu huikondesha ngozi, ikatoa michirizi na mishipa myembamba, na hubadili rangi yake. Ikipakwa karibu na macho huweza kuleta madhara ya jicho, likiwemo shinikizo lipotezalo nuru. Ikipakwa kwa wingi, huingia katika damu na kudhoofisha tezi zinazouzalishia mwili homoni zake. Ndiyo maana maelekezo ya klobetasoli yanaonya isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Zile za betamethasoni nazo hupewa kwa wiki chache, kisha daktari akaangalia upya.

Uso, makwapa, kinena na mikunjo ya ngozi ni mahali pembamba; hapo hutumika dawa dhaifu, kwa muda mfupi, kwa amri ya mganga. Watoto, wajawazito na wanyonyeshao nao wana hesabu yao, wala wasipimiwe kwa cheti cha mtu mwingine.

Na kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kuiacha ghafla dawa kali iliyotumika kwa muda mrefu. Maradhi huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, hata mwili mzima ukawaka au ukatoka vipele vya usaha. Mwili mzima ukigeuka rangi na kuwa wa moto, au vikitoka vipele vya usaha pamoja na homa na baridi, hiyo ni dharura; mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Viungo vikianza kuuma na kukakamaa asubuhi, pia daktari aarifiwe, kwa kuwa soriasisi huweza kushambulia viungo.

Tyubu ya mmoja isiwe ya nyumba nzima

Hapa ndipo familia nyingi zinapoangamia bila kujua. Baba ameandikiwa klobetasoli ya magoti. Binti anaona pale palipopakwa pameng'aa na kuwa peupe, naye anaichukua na kuipaka usoni apate weupe. Dawa hizi hizi ndizo zinazotiwa katika mkorogo, na mamlaka za Tanzania zimepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni. Weupe ule ni dalili ya ngozi kudhurika, wala si uzuri. Dawa ni amana ya aliyeandikiwa. Wazazi waifungie mahali pake kama wanavyoifungia sumu ya panya.

Udhu, swala na saumu

Tumerejea kwenye maswali tuliyoanza nayo. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, akiwemo Imamu Nawawi, wametofautisha baina ya mafuta yanayobakisha athari tu juu ya ngozi na kitu kizito chenye umbo kama nta. Mafuta ya namna ya kwanza hayabatilishi udhu, hata kama maji yanateleza juu yake. Kile chenye tabaka linalozuia maji kufika kwenye ngozi, huondolewa kwanza. Kwa hiyo tabaka jembamba lililokwisha kunywewa na ngozi halina tatizo. Lililo jepesi zaidi, ikiwa daktari ameandika mara moja kwa siku, ni kupaka baada ya Isha. Ngozi itapata usiku kucha na mja atakuwa na utulivu wa moyo. Wakati wa kutawadha asilisugue baka kwa nguvu wala kubandua magamba, kwani jeraha juu ya ngozi ya soriasisi huweza kuzaa baka jipya. Na ambaye mpasuko wake unadhuriwa na maji kwa kauli ya tabibu mwaminifu, sharia imemwekea wepesi wa tayamamu. Na amuulize mwanachuoni wake namna ya kuutumia.

Ama saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha kumi, Jeddah, mwaka 1997, liliziweka krimu, marhamu na plasta za dawa zinazonywewa na ngozi miongoni mwa mambo yasiyobatilisha funga. Hakuna udhuru wa kuacha dawa mwezi mzima wa Ramadhani.

Tahadhari ya moto

Marhamu na mafuta mengi ya ngozi yana parafini. Yakizoea kulowana katika nguo, kanga na mashuka, vitambaa hivyo hushika moto kwa wepesi na kuwaka kwa kasi, na kufua hakuondoi mafuta yote. Mama anayekaa mbele ya jiko la mkaa, na mzee anayelala karibu na koroboi, wakumbushwe jambo hili.

Wajibu wetu

Mwenye mabaka haya ana dawa ya kupakwa na mikono, na anayo nyingine ambayo haiuzwi, nayo ni kutokimbiwa. Ukimpa salamu, mpe mkono wako. Akiposa au akiposwa, aseme kweli juu ya maradhi yake, nao wasikilizaji wasiyafanye kuwa laana. Mke ambaye hawezi kufika mgongoni mwake, mumewe ampake. Hayo ni katika kuishi kwa wema.

Atakayesoma haya na tyubu iko mkononi mwake, na aisome karatasi iliyomo ndani ya kasha, ajue jina la dawa, nguvu yake na siku ya kurudi kwa daktari. Asiyeijua siku hiyo, aende akaiulize.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie kuwa wenye kutunza amana za miili yetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.